Kutoka Kikao cha Walimu hadi Kipindi cha Kesho: Mwongozo wa Jumuiya ya Kujifunza kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu wengi wa Tanzania tunayaita kwa kifupi MEWAKA, yamejengwa juu ya wazo kwamba mwalimu anaweza kuendelea kujifunza akiwa palepale shuleni kwake, pamoja na walimu wenzake, bila kusubiri kuitwa kwenye semina ya wilayani. Chombo cha kazi hiyo ni jumuiya ya kujifunza, JzK, inayokutana kwa ratiba ya shule. Nje ya shule kuna vikao vya klasta, yaani vya kundi la shule jirani, katika vituo vya walimu, na kuna moduli ambazo Taasisi ya Elimu Tanzania imeziweka katika mfumo wake wa kielektroniki. Mwongozo huu unahusu sehemu moja tu ya mpango huo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo huamua kama watoto watanufaika au hawatanufaika, nayo ni njia ya kutoka kwenye kikao cha walimu mpaka kwenye kipindi cha kesho.

Ninafundisha darasa la pili, na mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni wa kusoma na kuandika Kiswahili. Mwalimu wa hisabati wa darasa la tano anaweza kuweka sehemu na desimali mahali pa silabi zangu, na hatua zikabaki zilezile.

Nieleze mapema msimamo wangu, kwa sababu kila hatua iliyomo humu inautegemea. Jumuiya ya kujifunza huwafundisha walimu pale inapoanza na kazi za wanafunzi wa shule hiyo, wiki hiyo. Ikianza na moduli, walimu huisoma, huijadili kwa heshima, husaini mahudhurio, na kesho yake kila mmoja hufundisha kama alivyokuwa akifundisha jana. Moduli ni nzuri na nyingine zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, lakini inamfaa zaidi mwalimu aliyekwisha kuwa na swali.

Hatua ya kwanza: kusoma madaftari kabla ya kusoma kitu kingine chochote

Uwiano unaotakiwa katika shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 na watoto wengi zaidi wakaandikishwa, kuna madarasa mengi yenye idadi hiyo mara mbili au zaidi. Kwa hiyo hakuna mwalimu anayeweza kuchunguza kila daftari kwa undani, wala hahitaji kufanya hivyo. Fungua rejesta ya mahudhurio, chukua jina la tano, la kumi, la kumi na tano na kuendelea hivyo hadi mwisho, kisha uyatenge madaftari ya watoto hao. Njia hii ina faida moja kubwa, kwamba inawaleta mbele yako hata wale wanaokaa nyuma na wasionyosha kidole kamwe, ambao tukichagua kwa kukumbuka majina hatuwachagui.

Ukiwa na madaftari hayo, acha kwa muda kuangalia alama za vema na kosa. Andika kwenye karatasi kile mtoto alichokiandika, herufi kwa herufi. Katika imla ya kawaida ya darasa la pili utakuta mambo kama haya: mbuzi imeandikwa “buzi”, ndizi imeandikwa “dizi”, ng’ombe imeandikwa “gombe”, mbwa imeandikwa “bwa”, nchi imeandikwa “chi”. Pembeni yake utakuta kosa linaloelekea upande mwingine kabisa: mkate imeandikwa “mukate”, mtoto imeandikwa “mutoto”. Alama ya kosa huyachanganya yote haya kuwa kitu kimoja, ilhali ni matatizo mawili tofauti. Mtoto wa kwanza anaacha sauti ya puani iliyo mwanzoni mwa neno. Mtoto wa pili anaongeza irabu, na mara nyingi ni mtoto anayezungumza nyumbani lugha ambayo kiambishi m- cha mwanzoni mwa maneno kama hayo hutamkwa mu-, kama Kisukuma. Huyu wa pili sikio lake linafanya kazi vizuri kabisa, na anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba Kiswahili kimeidondosha irabu hiyo.

Baada ya madaftari, sikiliza. Andaa kadi moja yenye maneno ya ugumu unaopanda: mama, kalamu, mbuzi, mkate, nyumba, ng’ombe, mwalimu, shangazi. Chini yake ongeza maneno matatu yasiyo na maana, kwa mfano nisolu, tofepu na pagide. Maneno haya ya kubuni ni ya lazima, kwa kuwa mtoto aliyekariri kitabu chote kwa kusikia wenzake wakiimba huweza kusoma “kalamu” bila kuzitazama herufi, lakini “tofepu” haiwezi kukaririwa. Msikilize kila mtoto peke yake, kwa dakika moja hivi, wakati wengine wanaandika. Watoto watano kwa siku wanatosha.

Hatua ya pili: kugeuza lalamiko kuwa swali

Katika ofisi za walimu tunasema mara nyingi kwamba watoto wa siku hizi hawajui kusoma. Hilo ni lalamiko, na linaeleweka, lakini halimpi mwalimu pa kuanzia. Swali linalofaa kupelekwa kwenye jumuiya lina mambo matatu ndani yake: ni watoto gani, ni jambo gani hasa linalowashinda, na linawashinda katika mazingira gani huku wakiliweza katika mazingira mengine. Sehemu ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inatukumbusha kwamba mtoto ana kitu anachokiweza tayari.

Kwa mfano wetu, swali likaandikwa hivi: “Kwa nini watoto wanaosoma vizuri safu ya ba, be, bi, bo, bu, na ambao husema ‘mbuzi’ vizuri wanapocheza, huiacha m wanapoliandika neno hilo?” Swali la ukubwa huu linaweza kufanyiwa kazi na kupata jibu ndani ya wiki chache. Swali kama “tufanye nini ili kuinua kiwango cha elimu” litawachosha wote na kikao kitaisha kwa maazimio.

Hatua ya tatu: kikao chenyewe

Zungumza kwanza na mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma ili kikao kiwe ndani ya ratiba. Kikao kinachofanywa kwa kuibia muda wa chai huvunjika kengele inapogongwa. Wanaohitajika kwa swali kama hili ni walimu wa elimu ya awali, darasa la kwanza, la pili na la tatu. Mwalimu wa darasa la saba anakaribishwa, na nimeona mara nyingi kwamba yeye ndiye anayeshangaa zaidi, kwa sababu anakutana na “buzi” hiyohiyo miaka mitano baadaye.

Madaftari yawekwe mezani, kila walimu wawili wapewe matatu au manne. Kwa dakika kumi za mwanzo watu wasome kimya. Ukimya huo huwa mgumu kwetu kuuvumilia, lakini mwezeshaji asiuvunje. Kisha kila jozi iseme imeona nini, kwa kunukuu, bila bado kueleza sababu.

Hapa kuna suala la utaratibu wa kusema ambalo huamua mengi. Katika mila zetu mkubwa akishasema, mdogo hukubali, na hilo ni jambo jema nyumbani, lakini katika jumuiya ya kujifunza linaweza kutunyima mawazo ya nusu ya waliokaa. Napendekeza mwalimu mgeni zaidi shuleni, au mwenye umri mdogo zaidi, aanze, na wakongwe wafuate. Mwalimu mwenye uzoefu mrefu hapotezi heshima yake kwa kusema mwishoni. Kwa kweli anaipata zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayekusanya yaliyosemwa na kuyatia uzito. Mwezeshaji amweleze hivyo faraghani kabla ya kikao, kwa maneno ya heshima, ili asidhani amesogezwa pembeni.

Baada ya kueleza walichokiona, walimu watafute sababu, na hapa ndipo ujuzi wa somo unapohitajika. Pigeni makofi kwa silabi, ninyi wenyewe, kabla ya kuwapigisha watoto. Mbuzi ina makofi mawili, mbu-zi, na sauti ya m imeshikamana na b ndani ya silabi moja. Mbwa nayo ina makofi mawili, m-bwa, lakini hapo m imesimama peke yake kama silabi kamili. Mkate ina makofi matatu, m-ka-te. Nchi ina makofi mawili, n-chi. Herufi m iliyoandikwa kwa namna moja inafanya kazi mbili tofauti, na vitabu vingi huzipitia zote mbili katika ukurasa mmoja. Nimeona walimu wa miaka mingi wakinyamaza kidogo baada ya zoezi hili, kwa kuwa wote tunazungumza Kiswahili kila siku na hatujawahi kuyahesabu makofi ya “mbwa”.

Sababu mbili huwa zinajitokeza. Ya kwanza ni kwamba watoto hawaisikii sauti ile ya puani kama sauti inayojitegemea. Ya pili ni kwamba wanaisikia, lakini chati ya silabi iliyo ukutani ina ba, be, bi, bo, bu peke yake, na wanapoandika wanatafuta kwenye kumbukumbu ya chati hiyo kitu kinachokaribiana na walichokisikia. Msibishane ni ipi iliyo sahihi. Andikeni zote mbili, kisha jiulizeni ni kipindi cha namna gani kitakachowaonyesha ukweli. Ni katika hatua hii, swali likiwa wazi na sababu zikiwa mezani, ndipo mwezeshaji afungue kishikwambi na kutafuta moduli ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) inayogusa ufundishaji wa silabi. Mtaisoma kwa macho mengine kabisa.

Hatua ya nne: kuandaa somo moja kwa pamoja

Utaratibu wa walimu kuandaa somo moja pamoja, mmoja akalifundisha na wengine wakatazama, umekuwa ukifanyika katika shule za msingi za Japani kwa zaidi ya miaka mia moja, na Zambia iliuingiza katika shule zake kuanzia mwaka 2005. Hauhitaji fedha. Unachohitaji ni muda na walimu walio tayari kuonwa.

Kipindi cha darasa la pili kina dakika 30, kwa hiyo lengo liwe dogo. Somo letu linaweza kupangwa hivi. Dakika za mwanzo ni za masikio peke yake, bila kuandika chochote ubaoni. Mwalimu anataja maneno mawili mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu: bao na mbao, goma na ngoma, buni na mbuni, Doto na ndoto. Watoto wanaposikia neno lenye sauti ya puani mwanzoni wanagusa pua, na kweli wakigusa wataihisi ikitetemeka. Jozi ya Doto na ndoto hufurahisha sana pale darasani kunapokuwa na pacha mwenye jina hilo la Doto, na ni vizuri kuiweka ya mwisho. Sehemu ya pili ni ya kadi. Kila dawati lina kadi za silabi zilizokatwa kutoka kwenye maboksi, ba, bu, da, do, go, pamoja na kadi ndogo za m na n, na watoto wanajenga neno kwa kuziweka mbele yao. Sehemu ya mwisho ni imla ya maneno matatu tu kwenye kipande cha karatasi: moja lililofundishwa, moja ambalo halikufundishwa lakini lina sauti ileile, na moja lisilo na sauti hiyo kabisa, ili muone kama kuna watakaoanza kuweka m kila mahali.

Kinachofuata ndicho ambacho andalio la somo la kawaida halituombi. Kando ya kila sehemu, andikeni mnachotarajia watoto watajibu, na hasa mahali mnapodhani watakwama. Kwa mfano, “watoto wengi watagusa pua kwenye mbao, lakini kwenye ndoto watasita kwa sababu jina Doto limewashika akili.” Utabiri huu uliokwisha kuandikwa utawasaidia baadaye kutofautisha kati ya mnachokijua na mnachokidhani. Mwalimu anayetabiri vibaya amejifunza jambo kuhusu watoto wake ambalo asingeweza kujifunza kwa namna nyingine yoyote.

Hatua ya tano: kufundisha, kutazama, na kusubiri

Hii ndiyo hatua yenye uzito mkubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi.

Kwa miaka mingi mtu mzima anayeingia darasani na kukaa nyuma akiwa na kalamu amekuwa mkaguzi. Leo tunao wathibiti ubora wa shule, na kazi yao ni halali na inahitajika, lakini ujio wa mwenzako ni lazima uwe kitu kingine, na tofauti hiyo ionekane kwa macho. Watazamaji wasiwe na fomu yenye alama. Wasikae nyuma. Wakae pembeni mwa darasa, karibu na madawati, mahali wanapoweza kuona mikono na nyuso za watoto. Kila mtazamaji apewe watoto watatu tu wa kuwafuatilia tangu mwanzo hadi mwisho, mmoja anayesoma vizuri, mmoja wa kati na mmoja anayesumbuka, naye asimwangalie mwalimu ila pale watoto hao wanapomwangalia.

Daftari la mtazamaji ligawanywe kwa mstari. Kushoto aandike muda na kile mtoto alichokifanya au alichokisema, kwa maneno yaleyale ya mtoto. Kulia aandike maswali yanayomjia. Sentensi kama “mtoto hakuwa makini” isiandikwe, kwa kuwa hiyo ni hukumu. Aandike kwamba saa tatu na dakika kumi mtoto aliishika kadi ya m, akaiweka mbele ya bu, akaitazama kadi ya jirani yake, kisha akaiondoa. Maelezo hayo yana habari ndani yake. Yanatuambia kwamba mtoto alikuwa na jibu sahihi mkononi na akaliacha kwa sababu ya jirani, na hilo linaweza kubadili namna tunavyowakalisha watoto kuliko mada yote ya mpangilio wa darasa.

Mtazamaji mmoja apewe kazi ya kupima muda wa kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi vya shule za msingi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba baada ya kuuliza swali walimu husubiri kwa wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kumtaja mtu mwingine, kurudia swali au kulijibu wenyewe. Walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, watoto waliokuwa wakikaa kimya walianza kujibu, na wale wasiojibu kabisa wakapungua. Sekunde tatu darasani ni ndefu mno kwa mwalimu anayesimama mbele ya watoto 90. Hesabu moyoni, polepole, huku ukiutazama upande ambao kwa kawaida hauutazami. Tumia saa ya simu ya mwenzako ili ujue kweli unasubiri kiasi gani, kwa kuwa kila mwalimu hudhani anasubiri zaidi ya anavyosubiri.

Kuna swali moja ambalo ningependa tuliondoe katika vipindi vyetu kabisa, nalo ni “Tumeelewana?” Darasa zima huitikia “Ndiyo, mwalimu!” kwa sauti moja, na mwalimu huendelea mbele akiwa hajapata habari yoyote. Kuitikia kwa pamoja kuna nafasi yake katika nyimbo na mashairi. Kwa kupima uelewa, waambie watoto waandike jibu nyuma ya daftari na kuliinua juu kwa pamoja, au waandike kwa kidole juu ya dawati mwenzao akisoma. Kwa kutupa macho mara moja utaona kama ni darasa zima lililokosa au ni safu mbili za nyuma.

Kuhusu kurekodi kwa simu au kishikwambi: inasaidia, lakini mwombe ruhusa mwalimu anayefundisha na mwalimu mkuu, na picha au video yenye sura za watoto isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia njema.

Hatua ya sita: mazungumzo ya baada ya somo

Yafanyike siku hiyohiyo kabla ya watu kutawanyika, kwani kesho kila mtu atakumbuka maoni yake na kusahau alichokiona. Aliyefundisha aseme kwanza. Kisha watazamaji wasome kutoka kwenye daftari zao, na kanuni iwe kwamba kila sentensi ianze na mtoto. “Mtoto wa dawati la tatu alipoambiwa ajenge ngoma, aliweka go kwanza, kisha akatafuta cha kuongeza” ni sentensi inayokubalika. “Mwalimu ungefafanua zaidi” haikubaliki, hata ikiwa ni kweli, kwa kuwa inayahamisha mazungumzo kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtu aliyejitolea kuonwa. Pongezi za jumla nazo ziwekewe mpaka. “Hongera, somo lilikuwa zuri” ni adabu, na isemwe mara moja mwanzoni, kisha kazi ianze.

Baada ya hapo chukueni vipande vya imla na mvigawe katika mafungu matatu: walioandika maneno yote sawasawa, walioacha sauti ya puani, na walioiongeza pasipostahili. Kazi hii haichukui dakika kumi hata kwa darasa kubwa, na mafungu hayo mezani yanazungumza kuliko ripoti.

Tulipofanya hivi, watoto wengi waligusa pua mahali sahihi wakati wa kusikiliza, kisha kwenye imla wakaiacha m ileile. Sababu ya kwanza kati ya zetu mbili ikadhoofika na ya pili ikapata nguvu. Masikio yalikuwa yakisikia. Kilichokosekana kilikuwa silabi ya mbu kama kitu kimoja kinachoonekana, kwa kuwa watoto walikuwa wakinong’ona “bu” huku wakiandika, wakifuata chati. Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa madogo: kuiweka kadi ya m mbele ya safu nzima ya ba, be, bi, bo, bu na kuisoma upya kama mba, mbe, mbi, mbo, mbu, kisha kuivuruga safu hiyo ili isiimbwe kwa mpangilio. Somo likafundishwa tena katika mkondo wa pili na mwalimu mwingine, likiwa na mabadiliko hayo peke yake. Badilisheni jambo moja tu kila mara. Mkibadili matatu na watoto wakafanya vizuri, hamtajua ni lipi lililowasaidia.

Hatua ya saba: kuandika tafakari yenye faida

Mwishoni mwa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini na maoni. Wengi wetu tumezoea kuijaza kwa sentensi moja, kwamba somo limeeleweka kwa asilimia 80, na mara nyingine tunaijaza kabla ya kipindi. Nafasi hiyo ni ndogo lakini inatosha kwa maneno yenye kazi. Andika mtoto gani alifanya nini usichokitarajia, unadhani ni kwa nini, utabadili nini kesho, na utajuaje kama mabadiliko yamesaidia. Mfano: “Watoto saba wameandika mboga kama boga, na boga pia ni neno, kwa hiyo hawakuona kosa. Kesho nitaleta picha za boga na mboga za majani na kuwataka waandike chini ya kila picha. Nitaangalia wale saba kwanza.” Tafakari ya namna hii haihitaji karatasi ya ziada, na mthibiti ubora akija ataona mwalimu anayewajua watoto wake.

Jumuiya nayo iwe na daftari moja la mistari, la kawaida, ambamo swali, somo, mafungu ya imla na mabadiliko huandikwa kwa mfuatano. Faili la kumbukumbu za vikao litunzwe kama taratibu zinavyotaka. Daftari hili ni la kazi.

Vikwazo vitakavyojitokeza

Upungufu wa walimu ni kikwazo cha kwanza. Walimu wawili wakitazama kipindi, madarasa mawili yanabaki bila mwalimu. Shule yenye walimu wachache inaweza kuunganisha mikondo miwili kwa kipindi hicho kimoja, mwalimu mmoja akafundisha na mwenzake akawatazama watoto wake mwenyewe kwa mara ya kwanza akiwa amekaa, jambo ambalo lina faida yake kubwa. Shule zinazosoma kwa awamu mbili zina nafasi nzuri zaidi, kwani mwalimu wa mchana anaweza kutazama asubuhi.

Utoro ni wa pili. Mtoto uliyemfuatilia Jumatatu anaweza asionekane hadi Alhamisi, hasa msimu wa kupalilia au siku za mnada, hivyo chagua watoto wa akiba.

Cha tatu ni uhamisho. Mwalimu aliyezoea utaratibu huu anapohamishwa kwa msawazo, yaani kusawazisha idadi ya walimu kati ya shule, jumuiya inaweza kufa pamoja na kuondoka kwake. Kwa sababu hiyo kazi ya uwezeshaji izunguke kila muhula, hata pale ambapo yupo mmoja anayeifanya vizuri kuliko wote.

Mnapokwenda kwenye kikao cha klasta, pelekeni vipande vya imla vya watoto wenyewe na maandalio ya masomo yote mawili, la kwanza na lililorekebishwa. Walimu wa shule jirani wakiona “dizi” na “gombe” za kwenu watazitambua mara moja, na Afisa Elimu Kata ataelewa mnachohitaji haraka kuliko mkimsomea taarifa. Kama kuna kitu cha kuomba, ombeni kwa wakati huo: kadi, karatasi za manila, au siku moja ya kutembeleana kati ya shule mbili.

Mwezi Novemba, kabla ya mitihani ya kufunga mwaka na pilikapilika zake, andaa orodha fupi ya watoto ambao bado wanaacha au kuongeza sauti ya puani, kila jina likiwa na neno moja alilolikosea wiki hiyo. Mkabidhi mkononi mwalimu atakayewapokea darasa la tatu, kaeni naye mpitie jina kwa jina, na umwonyeshe kadi ziko kabati gani.